Upepo unaotema maji: upoze kwanza, kichujio baadaye

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tanga, napiga rangi Corolla yangu mwenyewe uani nikipata siku za mapumziko. Kompresa ni ya HP 2, tangi lita 50, niliinunua ikiwa imeshatumika. Fenda ilitoka vizuri sana. Boneti nayo ilianza vizuri, lakini katikati ya koti la pili la klia (ile rangi angavu ya juu inayoleta mng'ao) bunduki ya rangi ikaanza kutema maji, na sasa upande wote wa kushoto una vipele vidogo vidogo. Nimefunga kichujio cha plastiki kwenye mdomo wa kompresa na kingine kidogo chini ya bunduki, lakini hali ni ile ile. Je, ninunue mashine ya kukausha upepo, au kuna njia nyingine?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usinunue kitu bado. Umeandika sentensi moja ambayo imeshanipa nusu ya jibu: fenda ilitoka vizuri, boneti ikaharibika katikati. Kichujio chako hakijafa. Umekipa kazi ya kukamata kitu ambacho kikifika pale bado hakijawa maji.

Kichujio cha kikombe kinakamata matone. Mvuke unapita humo kama moshi unavyopita kwenye chandarua. Na upepo unaotoka kwenye kichwa cha kompresa ni wa moto, nyuzi 100 si ajabu, kwa hiyo maji yote yaliyomo ndani yake ni mvuke. Unapita kichujio cha kwanza, unasafiri ndani ya mpira, unapoa taratibu njiani, na unageuka matone ukiwa umebakiza hatua mbili kufika kwenye bunduki. Hicho kichujio kidogo cha chini nacho kikijaa kinatema kila kitu mbele.

Hebu tupige hesabu ya hewa ya kwenu, maana ndiyo itakayokuokolea pesa. Hewa ya pwani yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 hubeba gramu 24 hivi za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ukiibana hadi bar 8 za geji, juu ya ile bar moja ya hewa ya kawaida, mita tisa za hewa zinaingia kwenye nafasi ya mita moja, na zinaingia na maji yake yote: gramu 216. Sasa, nafasi hiyo ya mita moja ikiwa na nyuzi 30 haiwezi kubeba mvuke zaidi ya gramu 30. Zinazobaki, gramu 186, lazima zidondoke. Ni dodoki limekamuliwa. Lakini nafasi hiyo hiyo ikiwa na nyuzi 70 inabeba karibu gramu 200, na hakuna kitakachodondoka cha maana. Kwenye nyuzi 50 inabeba gramu 83, kwenye nyuzi 40 gramu 51. Joto ndilo linaloamua, kichujio kinapokea tu kilichoamuliwa.

Ndiyo maana fenda ilikuwa salama. Ulianza na tangi baridi, bati lake likawa linapoza upepo na maji yakabaki chini ya tangi. Ulipofika kwenye boneti, kompresa ilikuwa haijapumzika robo saa nzima, tangi limeshika moto kiasi cha kutowekeka kiganja, na presha imeshuka kwenye bar 5 badala ya 8, maana bunduki inakula kuliko pampu inavyozalisha. Upepo wa nyuzi 50 unatoka ukiwa umeshiba mvuke, unaingia kwenye mpira wa mita kumi, unapoa, na mvua inanyesha ndani ya mpira.

Mimi nilijifunza hili kwa hasara. Niliwahi kupiga milango minne ya pikapu ya mteja wakati wa masika, Dar es Salaam, nikiwa na kompresa kubwa kuliko yako na vichujio viwili vya bei. Klia ilitoka kama kioo, akaondoka anacheka. Baada ya miezi miwili alirudi hacheki: vimalengelenge vya ukubwa wa mbegu za ufuta, mlango mzima. Maji madogo kuliko jicho linavyoweza kuona yalikuwa yamenaswa chini ya rangi, jua likayachemsha. Nilirudia kazi yote kwa pesa yangu, na nilipokuwa napiga msasa ndipo nilipoanza kujiuliza kwa nini kichujio changu kilikuwa kikavu siku ile.

Sasa tuje kwako. Anza na kompresa yenyewe, kabla ya mabomba.

Kibandiko cha HP 2 huwa kinasema lita 200 kwa dakika. Hizo ni lita zinazovutwa, si zinazotoka. Tegemea kupata 130 hivi. Bunduki ya HVLP, ile inayokula hewa nyingi kwa presha ndogo, inataka 250 hadi 400. Ukiwa na bunduki ya namna hiyo, hakuna namna pampu yako itapumzika, na pampu isiyopumzika ni jiko. Badilisha bunduki, acha kompresa. Tafuta ya LVLP, inayokula hewa kidogo kwa presha ndogo, ambayo nyingi zinatosheka na lita 100 hadi 200, uchague iliyo chini ya 130, kisha piga kipande kimoja kimoja: boneti leo, mlango kesho. Hii ndiyo sehemu pekee nitakayokuambia utoe pesa bila kusita.

Kompresa iweke kivulini, penye hewa inayopita, mbali na unapopigia rangi. Ikikaa karibu inavuta mvuke wa thina, na swichi yake ya presha inatoa cheche kila inapowaka. Huo mchanganyiko sitaki uujaribu. Usiivutie umeme kwa waya mwembamba wa ekstensheni wa mita ishirini, volti zitashuka, mota itanguruma bila kuanza, mwishowe itaungua. Ikibidi kitu kirefuke, urefushe bomba la upepo. Tena urefu huo ndio tunaoutaka.

Bomba la chuma la nusu inchi, lile lile la maji lenye zinki, au la robo tatu ukimudu. Mita kumi hadi kumi na tano. Shaba inapoza vizuri zaidi na haipati kutu, ila mfuko wako ndio utakaosema. Mpira mfupi wa kuhimili joto uunganishe tangi na bomba, ili mtetemo usivunje maungio. Kisha bomba lipande ukutani moja kwa moja hadi juu, lishuke, lipande, lishuke, kama nyoka aliyelazwa ubavu. Kila linaposhuka chini kabisa, weka tii: mkono mmoja unaendelea na safari, mwingine unaning'inia chini sentimita ishirini na kuishia kwenye koki ndogo. Huo mkia ndio choo cha maji. Kipande chochote cha kulala kiinamie upande wa mkia, sentimita moja kwa kila mita inatosha. Na pale unapochukua upepo wa kwenda kwenye bunduki, uchukulie juu ya bomba, upinde shingo kama ya bata ndipo ushuke. Ukiuchukulia chini umejitengenezea mfereji.

Kuna watu watakuambia utumie PVC kwa sababu ni rahisi na inagundishwa kwa gundi. Kataa. Bomba la PVC likijaa maji na kupasuka, linavuja. Likijaa upepo na kupasuka, linalipuka na kutawanya vipande vyenye ncha kama vigae. Yale ya kijani ya PPR yana afadhali kwa nguvu, lakini plastiki inatunza joto, na sisi tunataka joto litoke. Umelipa bomba, hukupata kipoza.

Kama ukuta wako hauna nafasi ya mita kumi na tano, au hutaki mwenye nyumba akuulize maswali, kuna njia ninayoipenda zaidi: kondensa ya AC ya gari. Nenda kwenye vipuri vya mtumba, chagua yoyote isiyo na tundu, iwe na feni yake ya volti 12. Upande wa presha kubwa wa AC ya gari kwa kawaida hufanya kazi kati ya bar 10 na 17, kwa hiyo bar 8 zako ni mchezo kwake. Usichukue rejeta ya injini kwa kuwa zinafanana. Mfuniko wa rejeta hufungulia presha kwenye bar moja hivi. Ukiipa nane itafumuka usoni mwako.

Kondensa ya mtumba ina mafuta ya AC ndani, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mimina thina, ziba pande mbili kwa vidole, tikisa kama unachanganya maziwa ya unga, mwaga kwenye karatasi nyeupe. Mara ya kwanza itatoka ya kijani au ya kahawia, na karatasi ikikauka inabaki na duara la mafuta kama iliyofungiwa maandazi. Rudia mpaka karatasi ikikauka haionyeshi duara. Mimi moja ilinichukua mara saba. Isukume upepo mpaka harufu iishe, kisha peleka kwa wanaotengeneza mipira ya AC wakufungie koplingi za kuingilia kwenye mfumo wako. Iweke baada ya tangi, isimame wima, upepo uingilie juu na utokee chini, na mara tu unapotoka ufunge kichujio cha kikombe chenye koki. Mara ya kwanza kuijaza presha simama mbali, halafu paka maungio yote povu la sabuni.

Mafundi wengine huifunga kati ya kichwa cha pampu na tangi, na kwa kupoza ni mahali bora zaidi, maana tangi lenyewe linabaki kavu. Ila hapo upepo ni wa moto kuliko mpira wa kawaida unavyoweza kustahimili, na ukikosea ukaweka koki yoyote kati ya pampu na tangi, siku itakayofungwa kwa bahati mbaya kichwa kitapasuka. Kwa kuanza, baada ya tangi.

Feni ikiwaka na kompresa ikinguruma, gusa bomba linaloingia kwenye kondensa, kisha gusa linalotoka. La kutoka likiwa na joto sawa na ukuta wa nyumba, umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Kichujio chako cha plastiki ulichokidharau, ukikihamishia hapo, kitaanza kujaa mbele ya macho yako. Pampu inayotoa lita 130 kwa dakika ikifanya kazi saa nzima katika hewa ya Tanga inameza karibu gramu 190 za maji, glasi moja kasoro kidogo. Utayaona.

Baada ya hapo ndipo kipunguza presha kinaingia, na kina zawadi ambayo wengi hawaijui. Upepo uliopozwa hadi nyuzi 30 kwenye bar 8 umeshiba mvuke, hauwezi kubeba zaidi. Ukiushusha hadi bar 2 unatanuka mara tatu, na unyevu wake unashuka kutoka asilimia 100 hadi theluthi. Yaani upepo huo sasa una kiu. Hauwezi kudondosha maji ndani ya mpira hata ungetaka. Ndiyo maana kupoza na kukamata maji kufanyike kwenye presha kubwa, kabla ya kipunguza presha. Ukipunguza kwanza ndipo upoze, zawadi yote umeitupa.

Kwa hiyo ile mashine ya kukaushia? Ni nzuri, ni friji inayoshusha upepo hadi nyuzi 3 hivi, na karakana inayopiga magari kila siku iwe nayo. Kwa Corolla moja uani, hapana. Hiyo pesa itatosha bunduki, kondensa, bomba, na bado utabakiwa na ya klia.

Utakachoongeza ni viwili. Cha kwanza ni kichujio cha mafuta, kile chembamba cha maikroni 0.01, kwa sababu pampu yako ni ya zamani na ringi zilizochoka zinapitisha ukungu wa oili. Kikae baada ya kichujio cha maji, kisilowe. Cha pili, ukitaka kulala usingizi siku ya kupiga klia, ni chombo cha silika jeli. Vile vipira vya bluu vikishiba maji vinageuka vya waridi. Vya rangi ya chungwa vinageuka kijani. Nunua vya chungwa, kwa sababu vya bluu vina chumvi ya kobalti, ambayo ni sumu. Vikishiba unavikausha kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, na hiyo oveni isiwe ya mama watoto.

Silika inaheshimu mpangilio. Kilo moja inashika gramu 200 hivi kwa matumizi ya kawaida. Ukiipa upepo wa moto usiopozwa, gramu 190 kwa saa, imekufa kabla hujamaliza mlango wa pili. Ukiipa upepo uliopozwa, hata kama presha imeshuka hadi bar 5, inapokea gramu 40 kwa saa, nayo inakupigia gari zima. Wanaosema silika ni uongo waliifunga mwanzoni mwa mstari. Ifunge baada ya kichujio cha mafuta, kabla ya kipunguza presha, na hakikisha kuna wavu unaozuia unga wake usifike kwenye bunduki.

Ukienda dukani kuna seti ya vikombe viwili au vitatu vilivyounganishwa pamoja. Angalia kikombe cha mwisho: kama kina alama ya kujaza oili, hicho ni cha kulainishia zana za upepo, kinadondosha oili kwa makusudi. Mpira uliowahi kutumika na zana za namna hiyo usiuoshe wala usiuonee huruma, umpe jirani anayejaza matairi. Wa rangi uwe mpya, wa tundu la milimita 10. Wa milimita 6 unakuibia presha njiani, unafikiri unapiga na bar 2 kumbe moja na nusu. Soma presha kwenye shina la bunduki huku umevuta kichokoo, si ikiwa imetulia.

Kuna mambo mawili ambayo mfumo huu hautayaponya, usije ukaufungua wote ukitafuta kosa. Rangi ikigeuka nyeupe kama imepakwa ukungu muda mfupi baada ya kupiga, hayo si maji ya kompresa. Thina inayokauka haraka imepoza bati, na hewa ya uani imelitolea jasho, kama soda iliyotoka kwenye friji. Dawa yake ni thina ya taratibu na kuchagua muda: saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, si alfajiri na si baada ya mvua. La pili ni macho ya samaki, yale mashimo ya duara ambayo rangi imekimbia katikati. Hayo ni mafuta au silikoni, na mara nyingi ni ile dawa ya kung'arishia dashibodi uliyoipuliza mwezi uliopita. Maji yenyewe, katika klia ya kuchanganya na hadena (ile dawa ya kuifanya ikauke na kuwa ngumu), hufanya kile ulichokiona: hadena inagombana nayo, inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi, gesi inaacha vipele na vitundu, mng'ao unapotea.

Hadena hiyo hiyo ndiyo inayoharibu mapafu. Barakoa ya kitambaa ni pambo. Vaa ya mpira yenye makopo ya mkaa, mapya, na uendelee kuivaa hata ukimaliza, kwa sababu ukungu unabaki hewani. Usijaribu kuvuta pumzi kutoka kwenye kompresa hii hata baada ya kuikausha.

Na lile tangi, maadamu ni la mtumba: fungua koki ya chini leo. Yakitoka maji ya kahawia yenye magamba ya kutu, tangi linaliwa kwa ndani, na lipimwe kwa kujazwa maji, si upepo, kabla hujaliamini tena. Vuta kipete cha valvu ya usalama uone kama kinapumua na kujifunga chenyewe. Usikubali mtu alichomelee kiraka. Baada ya hapo, kila ukimaliza kazi jioni, mwaga maji.

Siku ya kujaribu, tafuta kioo cha kujitazamia, kipanguse vizuri. Endesha kompresa robo saa huku bunduki ikipuliza upepo mtupu, ili ifike kwenye joto lile lile lililoharibu boneti. Kisha elekeza upepo kwenye kioo kutoka upana wa kiganja, hesabu dakika moja, na ukitazame kwa ubavu kwenye mwanga. Doa linalokauka lenyewe ni maji. Linalobaki na rangi za upinde ni oili. Kikiwa kisafi, piga kwanza kipande cha bati usichokithamini.

Boneti yako usiikwangue yote. Iache ikauke vizuri, siku tatu nne kwa jua la Tanga, halafu piga msasa wa maji namba 800 upande ule wa kushoto mpaka vipele viishe. Vikiisha kabla hujafika kwenye rangi, umepona: parua boneti nzima kwa 800, piga klia upya makoti mawili. Ukiona maji ya msasa yanageuka rangi ya gari, umetoboa, itabidi upige rangi kwanza. Na maji hayo ya msasa nayo ni maji. Yanajificha kwenye mikunjo ya bati, chini ya mpira wa kioo na kwenye matundu ya bawaba, yanasubiri uanze kupuliza ndipo yatoke. Puliza kila kona kwa huo upepo wako mkavu, kisha boneti iache juani saa moja nzima kabla hujachanganya hadena.